Kununua gari kuukuu la Kiitaliano lililotelekezwa: mwongozo kamili kwa mnunuzi aliyeko Uganda

Gari la safari ndefu la Kiitaliano la miaka ya 1960 au 1970, la milango miwili, lenye injini ya nguvu na viti vya nyuma vinavyowatosha watoto tu, likishakaa miaka mingi chini ya mwembe huko Entebbe au bandani mjini Jinja, huuzwa kwa maneno yale yale: injini ni nzima, ni betri tu imekufa. Mnunuzi anayeyaamini maneno hayo huumalizia muda wake kwenye boneti, ilhali vitu vitakavyommaliza fedha viko kwingine kabisa. Katika mwongozo huu ukaguzi unaanzia kwenye hati, unafuata bati, kisha vitu vilivyong'olewa na kupotea, na injini inakuja mwisho. Sababu ni kwamba injini ya silinda nne inaweza kufunguliwa na kusukwa upya na fundi mwangalifu wa Kampala, lakini gari lisilo na hati halali, au lililooza mbavu zake, halina fundi.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni Alfa Romeo za milango miwili za ukoo wa Giulia, kuanzia Giulia Sprint GT ya mwaka 1963 hadi 2000 GTV iliyotoka mwaka 1971. Bodi yake ilichorwa na Giorgetto Giugiaro alipokuwa kijana katika karakana ya Bertone, na chini ya bodi hiyo mna injini ya kamshafti (shafti za kufungulia vali) mbili za juu zinazoendeshwa kwa mnyororo, bloku na hedi za aluminiamu, giaboksi ya gia tano na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Lancia Fulvia Coupé na Fiat 124 Sport Coupé hukaguliwa kwa namna hiyo hiyo. Ukiletewa Ferrari au Lamborghini ya silinda 12, utaratibu haubadiliki ila gharama hubadilika mno: Lamborghini Espada, kwa mfano, ina kabureta sita za Weber, na kuzisawazisha tu ni kazi ya mtaalamu ambaye huenda ukalazimika kumlipia tiketi ya ndege. Kwa mtu anayenunua gari kuukuu kwa mara ya kwanza, mimi ningemshauri aachane na la silinda 12.

Hatua ya kwanza: hati, kabla ya kuligusa gari

Marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kwa sababu hiyo, gari lililokwisha kusajiliwa Uganda lina thamani ambayo lile la nje haliwezi kuifikia, hata kama lile la nje limenyooka zaidi. Broka akikuambia kwamba gari liko Nairobi na kwamba litavushwa mpakani Malaba au Busia bila shida, elewa kwamba anakuuzia tatizo la forodha lililopakwa rangi. Usimpe hata fedha ya mafuta kabla hujaenda wewe mwenyewe kuuliza katika Mamlaka ya Mapato ya Uganda na kupata jibu la maandishi.

Omba logibuku halisi, yaani kitabu cha usajili wa gari, wala si picha ya simu. Linganisha jina lililoandikwa humo na kitambulisho cha anayekuuzia. Usajili wa magari sasa uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na uhamisho wa umiliki unahitaji namba za mlipakodi za pande zote mbili; kwa hiyo muuzaji asiyeweza kutoa namba hiyo hawezi kukuhamishia gari, hata awe mwaminifu kiasi gani. Gari la umri huu mara nyingi limeandikwa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Hapo usimalizane na mtoto mmoja wa marehemu, hata kama ndiye anayeishi kwenye boma na funguo anazo yeye. Dai barua za mahakama za usimamizi wa mirathi, na mauziano yasainiwe na msimamizi aliyetajwa humo, mbele ya wakili, huku mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) akiwa shahidi. Mjane au ndugu wa ukoo akijitokeza baada ya gari kuanza kung'aa, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Yako pia magari ambayo historia yake inakatika mwaka 1972, pale Waasia walipofukuzwa nchini na mali nyingi kuingia mikononi mwa watu wengine bila hati za mauziano. Hadithi ya gari la aina hiyo huvutia kuisikiliza jioni, lakini usilipe kabla wakili hajaeleza kwa maandishi umiliki ulivyopita kutoka kwa yule wa zamani hadi kwa huyu wa leo.

Baada ya hati, nenda kwenye namba zenyewe. Kwenye Alfa za ukoo huu, namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha abiria, na huanza na herufi AR. Isugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa, kisha isome kwa tochi iliyoinamishwa upande. Herufi zikipishana kwa kina, au bati la pembeni likionyesha alama za kulehemu, simama hapo hapo. Namba ya injini nayo huanza na msimbo wa aina: AR00548 ni ya injini ya 1750, yenye sentimita za ujazo 1,779, na AR00512 ni ya 2000, yenye 1,962. Injini tofauti na ile ya kiwandani haizuii gari kutumika, lakini ni lazima iandikwe kwenye logibuku, na bei ishuke.

Hatua ya pili: bati

Nenda asubuhi, gari likiwa kavu na halijaoshwa. Mwambie mzee mwenye gari mapema, kwa adabu, kwamba unaomba liachwe na vumbi lake, kwa sababu gari lililooshwa na kupakwa mafuta ya kung'arisha huficha zaidi ya linavyoonyesha. Beba jeki, vigogo viwili vya kuegemeza, tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, bisibisi butu, kioo kidogo cha mkononi na nguo za kulalia chini.

Magari haya hayana fremu ya chini kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na uzito wote unabebwa na mihimili miwili iliyo chini ya milango. Kwenye Alfa, kila mhimili umesukwa kwa tabaka tatu za bati: la nje unaloliona, la ndani upande wa zulia, na la katikati ambalo huwezi kuliona bila kukata. Maji ya mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huingilia chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mwembe yameziba vitundu vya kutolea maji, kisha hutelemka ndani ya mihimili na kukaa humo. Kwa sababu hiyo tabaka la katikati huoza kwanza, na lile la nje huoza mwisho. Ukiona tundu nje, ndani hamna kitu tena.

Anza kwa kupitisha sumaku polepole kwenye mhimili kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Pale inapoacha kushika pana bondo, yaani lipu ya kuzibia bati lililooza. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi, kila upana wa kiganja: bati zima hulia, bondo hutoa sauti ya kufa. Funua zulia la miguuni mwa dereva na ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Juu ya bati kuna tabaka la lami la kuzuia kelele, na tabaka hilo hubaki limesimama vizuri hata baada ya bati la chini yake kugeuka unga. Likibonyea, lichokoe ukingoni kwa bisibisi utazame chini yake. Hakuna muuzaji anayefurahia kazi hiyo, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Fanya kipimo kimoja zaidi ambacho wengi hukisahau. Fungua mlango wa dereva, tazama mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma, kisha mtu apandishe gari taratibu kwa jeki iliyowekwa kwenye sehemu yake rasmi, chini ya mhimili. Mwanya ukibana au ukitanuka, au mlango ukigoma kufunga, gari limekatika kiuno. Jeki yenyewe ikizama ndani ya bati, huna haja ya kuendelea.

Baada ya mihimili, tazama kingo za vioo vya mbele na vya nyuma chini ya mpira, matao ya magurudumu, shimo la tairi la akiba ndani ya buti, bati la mbele chini ya rejeta, na mahali ambapo mikono ya ekseli ya nyuma imefungwa kwenye sakafu. Kutu ya milangoni na kwenye boneti huumiza macho kuliko mfuko, kwani vipande hivyo hufunguliwa kwa bolti. Gari lililokaa karibu na Ziwa Nalubaale (Viktoria), ambako hewa ya usiku ina unyevu mwaka mzima, lichunguze mara mbili. Lililokaa Mbarara ndani ya banda lenye sakafu ya saruji lina nafuu. Lililokaa juu ya nyasi, popote pale, limekuwa likinyweshwa kutoka chini.

Hatua ya tatu: vitu visivyokuwepo

Mnunuzi huvutwa na anachokiona, ilhali bei hutegemea pia asichokiona. Andika orodha ya vitu vinavyokosekana: bampa za kromu, nembo, vikombe vya taa, geji za dashibodi, usukani wa asili, vitasa, mashine za kupandisha vioo, mipira ya milango. Spea za Alfa za ukoo huu bado zinatengenezwa upya Ulaya, jambo ambalo ni bahati kubwa, lakini kioo cha mbele kinachosafirishwa kwa ndege kinaweza kuwa na gharama ya usafiri kubwa kuliko bei ya kioo chenyewe. Kwenye gari lililotengenezwa kwa uchache, nembo moja ya nyuma inaweza kutafutwa mwaka mzima.

Kuna habari njema upande wa pili. Katika soko la spea la Kisekka, Kampala, utaambiwa kwamba hakuna anayeijua Alfa, na ni kweli, lakini beringi haijali jina la gari. Safisha beringi ya zamani usome namba iliyochongwa ukingoni: yenye 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje wa 40 na unene wa 12, iwe imetoka kwenye alternata ya Kiitaliano au kwenye mashine ya kusaga mahindi. Sili za oili nazo huuzwa kwa vipimo vitatu, vya ndani, vya nje na vya unene. Mtu akienda na kipande cha zamani mkononi atapata mengi. Akienda na jina la gari tu atarudi mikono mitupu.

Hatua ya nne: injini, bila kuiwasha

Usikubali iwashwe mbele yako kwa kuunganishwa betri ya gari jingine, na usikubali hata kidogo gari lisukumwe au livutwe likiwa ndani ya gia. Pistoni zilizoshikana na silinda huvunja ringi zake kwa namna hiyo, na baada ya hapo hasara unaigawana na muuzaji kwa ugomvi.

Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko maana yake ni maji ndani ya oili. Kwenye injini hizi hutokana mara nyingi na gasketi ya hedi pamoja na mipira midogo inayoziba njia za oili kati ya bloku na hedi. Hiyo inatengenezeka. Fungua pia rejeta: ikiwa na maji matupu yenye rangi ya kutu, yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, basi aluminiamu ya hedi imekuwa ikiliwa kwa miaka yote hiyo, na vivyo hivyo sehemu ya chini ya mikono ya silinda (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka), ambayo ni ya chuma na huzungukwa na maji moja kwa moja.

Toa plagi nne. Weka spana kwenye nati ya krankshafti na ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka duru mbili kamili bila kukwama, umepata zaidi ya ulivyotarajia. Ikigoma, usilazimishe, mimina vijiko vichache vya mafuta mepesi ya kulegeza kutu ndani ya kila silinda, na uhesabu kwenye bei kwamba hedi itafunguliwa.

Baadhi ya magari ya Ulaya nchini yalikwisha kuwekewa injini ya Toyota, na siwalaumu waliofanya hivyo, kwa maana spea za Toyota ziko kila kona. Lakini tazama kwa makini mahali ilipofungiwa. Mihimili ya mbele iliyokatwa kwa gesi ili injini ipate nafasi ni uharibifu wa bodi, na tulikwisha kuona uharibifu wa bodi unagharimu nini.

Hatua ya tano: bei

Usianze na bei ya muuzaji, wala na bei za minada ya Ulaya alizozitoa kwenye simu yake. Magari yanayouzwa huko kwa bei hizo yana hati kamili, bati lililonyooka na injini ya asili, na yanauzwa mbele ya wanunuzi wengi. Kadiria gari hili litauzwa kiasi gani hapa nchini likiwa limekamilika, ondoa gharama za bati, spea, usafiri na ushuru wa spea, ondoa tena akiba ya theluthi moja ya gharama hizo kwa yale usiyoyaona, na kinachobaki ndicho unachoweza kutoa. Mara nyingi kitakachobaki ni kidogo sana, na wakati mwingine hakibaki kitu. Mweleze mwenye gari hesabu yako kwa heshima, kipengele kwa kipengele. Mzee aliyelitunza gari la ujana wake hupenda kuona mtu aliyelala chini yake kuliko kusikia maneno ya dharau. Lipa kwa benki, na mkataba utaje namba ya chesisi, namba ya injini na kila kipande kisichofungwa kwenye gari.

Lisafirishe juu ya lori la kubebea magari, si kwa kamba. Nembo, geji, usukani na vitasa uvipeleke nyumbani kwako siku hiyo hiyo, hata kama unamwamini mwenye gereji.

Hatua ya sita: kuliamsha

Kazi hii haina haraka. Ikiwa injini inazunguka kwa mkono, mwaga oili ya zamani, badilisha filta na ujaze mpya. Toa tangi la mafuta, limwage, lioshe na ulikague kwa tochi, kwa sababu petroli ya zamani hugeuka lami na ngozi ya kutu. Badilisha mipira yote ya mafuta, hata inayoonekana mizima. Injini hii ina kabureta mbili za kulala, kwa kawaida Weber za koo mbili kila moja, na mpira mmoja ukipasuka hapo petroli hudondokea karibu na ekzosi ya moto. Mnunuzi wa Fiat 124 Sport abadilishe pia mkanda wa meno wa kamshafti kabla ya kugusa stata, kwa sababu injini hiyo haina mnyororo.

Kabureta zifunguliwe mezani, juu ya kitambaa cheupe, na jeti (vitundu vidogo vya kupimia petroli) zisafishwe kwa hewa, kamwe si kwa waya. Kagua vipande vya mpira na chuma vinavyoziunganisha na hedi: vibonyeze kwa mkono, na ukiona ufa, vibadilishe, maana hewa inayopenya hapo huifanya injini ifanye kazi kwa mchanganyiko mwepesi, wenye petroli kidogo, na kuharibu vali.

Sasa zungusha injini kwa stata, plagi zikiwa nje, hadi geji ya oili ipande. Isipopanda, usiendelee. Pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya silinda bora na dhaifu isizidi asilimia 15 au hivi, na silinda iliyo chini sana iongezewe kijiko cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zimechoka. Kikibaki palepale, tatizo ni vali. Rudisha plagi, unganisha waya kwa mpangilio wa mlipuko wa 1-3-4-2, weka mtungi wa kuzimia moto karibu, kisha washa.

Gari lisitoke getini kabla breki hazijafunguliwa zote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pistoni za kalipa hushikwa na kutu ndani hata kama nje ni safi. Mipira ya breki ibadilishwe yote, na matairi pia, hata yenye kashata nzuri, ikiwa ubavuni yana nyufa.

Katika mwendo wa kwanza, giaboksi ikiwa bado ya baridi, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Mkwaruzo mfupi hapo ni ugonjwa unaojulikana wa Alfa hizi, unatokana na sinkroni (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia) ya gia ya pili, na gari linaweza kutumika nao kwa miaka mingi dereva akiwa mpole. Kelele ya kugonga katikati ya gari wakati wa kuondoka huwa ni kiungo cha mpira cha mbele ya shafti, nacho ni rahisi kubadilisha. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani ya Italia, kwa hiyo kabureta zilizopangwa kwa jeti za kiwandani zitamwaga petroli zaidi ya inavyohitajika. Plagi zikitoka nyeusi zenye masizi makavu, shusha jeti kubwa kwa saizi moja, jaribu, tazama tena.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria. Ukitaka bima kubwa, dai tathmini ya maandishi iliyofanywa baada ya matengenezo, yenye picha za mihimili ikiwa wazi kabla ya kufunikwa, na thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye hati ya bima, kwa sababu kampuni ikiachiwa kukadiria kwa umri wa gari italihesabu kama chuma chakavu.